Fungu la Panya

Palikuwa na nchi, na kama hamjawahi kufika huko mshukuruni aliyewanyima nauli. Nchi hiyo ilikuwa vitani na jirani yake kwa ajili ya kilima kimoja kipara, na kwa kuwa vita vilikuwa vikali, Serikali ilikusanya chakula chote kutoka mashambani na kukifungia maghalani ili adui asikione. Wananchi nao hawakukiona. Waliambiwa watakula kwa utaratibu, wakakubali, maana walikuwa watu wasikivu, na wale ambao hawakuwa wasikivu walipelekwa kilimani.

Mwanzoni mahesabu ya chakula yalifanywa kishamba. Mtunza ghala aliingia, akahesabu magunia kwa kidole, akatoka, akasema idadi. Mtindo huo ulifutwa haraka kwa sababu idadi aliyoisema haikulingana na iliyotangazwa redioni. Ukaletwa mtindo wa pili: redio itangaze kwanza, halafu mtunza ghala apewe muda mpaka magharibi kuyafanya magunia yalingane. Huo nao ulishindikana, ingawa redio haikuwa na kosa. Ndipo akatokea Mheshimiwa Mkaguzi Mkuu wa Vinavyoliwa, mtu aliyesoma mpaka akavaa miwani miwili kwa pamoja, akaivumbua Kanuni ambayo watoto wa shule waliiimba kila asubuhi kabla ya kuzimia: hakuna kinachopotea, kila kisichokuwepo kimeliwa, na kila kilicholiwa kina mlaji.

Kanuni hiyo iliwafungua watu macho. Zamani magunia yakipungua iliitwa wizi, na wizi ni neno linalovunja moyo wa jeshi. Sasa yalitafutiwa mlaji. Wananchi hawakufaa, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na kadi ya kibaba kimoja cha unga kwa juma, na alikuwa tayari kuapa kwamba hata hicho hajakiona. Maofisa hawakufaa kwa sababu za usalama. Akabaki panya. Panya haandiki barua ya malalamiko, na tangu dunia iumbwe hakuna panya aliyesimama hadharani kukanusha. Basi Wizara ikaunda Fungu la Panya. Kila panya aliyeandikishwa na mtunza ghala alitengewa debe moja kwa mwezi, tena alihudumiwa kabla ya mwananchi, maana panya hana subira ya foleni. Kila jengo la Serikali likatobolewa tundu ukutani, shibiri mbili kwa shibiri mbili, ili walaji wasipate taabu ya kuingia. Ilikatazwa kabisa panya kupita mlangoni.

Sasa, Ghala la Mtoni lilitunzwa na Shomvi Kirobo. Alikuwa ameyapandisha magunia yake juu ya mbao, akayashona upya kwa mkono wake mwenyewe, akayapanga kwa mistari iliyonyooka hata alipopita katikati yake alijiona jemadari anayekagua gwaride. Alikuwa na paka wa kijivu asiyejua mzaha. Kila mwezi, kwenye safu ya panya, Shomvi aliandika "hakuna" kwa mwandiko mzuri. Wala msimdhanie utakatifu. Hakuiba kwa sababu alikuwa mwoga, na kwa sababu gunia moja likitoka mstari ungepinda.

Kilichomnyima raha ni mwanyumba wake. Yeye na Mwinyikondo Pazi, mtunza Ghala la Sokoni, walikuwa wameoa mtu na mdogo wake: Shomvi alimwoa Mwantumu, Mwinyikondo akamwoa Siwema. Na wanyumba, kama mjuavyo, hupimwa kila siku kwenye mizani moja, na mwenye kushika mizani ni mama mkwe. Ghala la Mwinyikondo lilikuwa na panya wengi kuliko watu wa wilaya nzima. Kwa neema ambayo hakuna aliyeiuliza ilikotoka, watoto wake saba nao walinenepa. Siwema alipika wali wa nazi siku za kazi. Alichelewa kuja kwenye misiba kwa sababu alikuwa amevimbiwa.

Shomvi alikuwa na mtoto mmoja tu, Chausiku, ambaye alikonda hata ikawa gauni ndilo linalomvaa yeye. Baba yake alipomtazama, kisha akawatazama wana wa Mwinyikondo na mashavu yao, kijiba cha roho kilimpanda mpaka kooni. Aliyaonea wivu yale mashavu. Aliionea wivu sufuria ya Siwema na mfuniko wake. Na hili alimficha hata mkewe: aliwaonea wivu wale panya. Aliwawazia kuwa wakubwa, wenye manyoya yanayong'aa, wanaokuja kwa zamu na kuondoka kwa adabu. Alijiuliza ana kasoro gani yeye hata panya wote wa maana wamchague mwanyumba wake.

Mwaka wa tatu wa vita, Mwinyikondo akavishwa Nishani ya Ghala Lenye Uhai. Bendi ilipiga. Mama mkwe alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka, kisha akamgeukia Shomvi na kumuuliza kwa upole siku hizi anafanya kazi gani.

Haikupita muda, Mkaguzi Mkuu akatua Mtoni yeye mwenyewe. Hakuhesabu gunia hata moja. Alikwenda moja kwa moja kwenye tundu, akapiga magoti, akachungulia, akakuta buibui ametanda. Akatoa leso, akalia kidogo, kama mtu aliyekuta kaburi la jamaa yake halijapaliliwa. Alipoinuka alizungumza taratibu.

"Bwana Shomvi, kwenye vitabu vyangu maghala yote ya nchi hii yamepunguzwa fungu la panya. Hapa kwako hapajapungua kitu. Maana yake unayo magunia ambayo hayapo. Mtu mwenye magunia yasiyokuwepo, na tuko vitani, ni mtu wa namna gani?"

Shomvi alijibu kwamba labda ni mtu mwaminifu. Mkaguzi aliwageukia makarani wake kuuliza kama kuna safu ya neno hilo. Haikuwapo. Akaeleza basi, kwa huruma nyingi, kwamba Shomvi anatuhumiwa kuwadhulumu panya haki yao, na kwamba kwa ajili yake peke yake mahesabu ya taifa zima yamekaa wazi kama mdomo wa mtu aliyelala. Akampa mpaka mwisho wa mwezi. Panya wasipopatikana, kuandikwa na kula, Ghala la Mtoni litafungwa na kutiwa lakiri mpaka mahesabu yafunge. Wananchi wa Mtoni watasubiri bila kibaba. Shomvi ataonekana kilimani akiwa amevaa viatu vya marehemu. Msafara ukaondoka na paka, aliyetakiwa kwa mahojiano.

Mtoni nzima ilijua maana ya kusubiri bila kibaba. Hata kwa hicho kibaba watu walikuwa wakianguka wakiinama kufunga kamba za viatu. Shomvi alimwazia Chausiku, akahesabu majuma ambayo mtoto yule anaweza kusubiri, akaona hayafiki mbali. Akaenda kwa mwanyumba wake kuazima panya.

Alimkuta Mwinyikondo mkekani, mbele ya sinia. Shomvi alieleza shida yake akitazama pembeni, kwa sababu kuutazama ule wali kulimtoa machozi. Aliomba panya arobaini tu, kwa mwezi mmoja, atawarudisha wote wakiwa salama. Mwinyikondo alicheka mpaka akapaliwa. Kisha akaona mwenzake hatanii, akamwonea huruma, na huruma ya mwanyumba inachoma kuliko pilipili.

"Mwanyumba," akasema, akielekeza kidole kwa watoto waliokuwa wakila upande wa pili wa sinia, "panya ndio hao. Yule anayeguguna mfupa ndiye mkubwa wao. Mama yao yuko jikoni anapakua."

Mtu mwingine angekasirika kwa ajili ya wizi. Shomvi alikasirika kwamba wazo lile halikumjia yeye. Miaka mitatu alikuwa akiwaonea wivu wanyama ambao hawakuzaliwa, na sasa ilimpasa kuanza upya, kuionea wivu akili ya Mwinyikondo, kitu ambacho hakuwahi kukishuku. Mwenyeji wake akamshauri aandike panya watatu wanne, asiwe na tamaa, apumzike. Alipomsindikiza alimfungia ukoko katika jani la mgomba, akasema mpelekee Chausiku. Shomvi aliupokea kwa mikono miwili kama adabu inavyotaka. Njia nzima ule ukoko ulimuunguza ingawa ulikuwa umepoa.

Mwantumu hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini alijua mshipa wa mumewe ulipo. Alimwachia Chausiku ukoko, akamsikiliza Shomvi mpaka mwisho. Shomvi alisema ataandika panya watatu, mke, mtoto na yeye mwenyewe.

"Watatu," Mwantumu akasema. "Mwinyikondo ana wanane ndani ya nyumba, na huko kwenye daftari wamejaa tele. Mama yangu akisikia Baba Chausiku ana panya watatu atasemaje?"

Mwantumu akaendelea kuchambua mboga yake, ambayo ilikuwa majani ya kunde yaliyokomaa.

"Niandike mimi wa kwanza," akasema. "Halafu mtoto. Halafu jirani, Mama Tausi, ana wanne na mkwe mmoja. Mtaa huu ni mrefu, mume wangu. Ukitaka kumpita Mwinyikondo, mpite mpaka asikuone."

Maneno hayo yakamwingia Shomvi kama uji wa moto. Asubuhi alikaa mezani mlangoni mwa ghala, akaanza kuandika. Utaratibu haukuwa mgumu. Mwananchi alirudisha kadi yake, kwa kuwa sheria ilikataza mtu kula katika safu mbili. Jina lake likafutwa kwenye ukurasa wa wananchi na kuandikwa upya kwenye ukurasa wa panya, pamoja na rangi ya manyoya, ambayo Shomvi aliandika "kahawia" kwa wote ili kuepuka ubaguzi. Siku ya kwanza walikuja wachache, wakitazama nyuma. Kisha waliobaki nje wakaanza kuwaonea wivu walioandikwa. Mwalimu mkuu alitangaza kwamba yeye, mtu mwenye cheti, hatakubali kuwa panya. Alipoambiwa kwamba mwalimu wake msaidizi ameandikwa juu ya mwuza mkaa, alikuja mbio kulalamika kwa nini amepitwa na wadogo zake. Shehe na padri walikutana, wakaona kwamba kuandikwa si kuwa, wakaandikwa mmoja chini ya mwenzake, na kila mmoja akataka kujua kwa nini si juu. Kufikia katikati ya mwezi ukurasa wa wananchi ulikuwa mweupe. Lilibaki jina moja tu, la Shomvi Kirobo mwenyewe, kwa sababu alikuja kukuta kwamba mtunza ghala haruhusiwi kujiandikia chakula, na kama nilivyosema, alikuwa mwoga.

Siku ya mgao walipitia tunduni, kwa kuwa panya mlangoni ni marufuku. Wizara ilikuwa imelipima lile tundu kwa ajili ya panya aliyeshiba, lakini njaa ya miaka mitatu ilikuwa imewachonga watu vizuri. Walipita wazee, wakapita wanawake na vitambaa vyao kichwani, akapita mwalimu mkuu na cheti chake, na hakuna aliyekwaruza bega. Chausiku alipita bila kuinama sana. Kila mmoja alitoka na debe lake. Jioni ile moshi ulipanda katika kila paa la Mtoni, na mbwa, ambao walikuwa wamesahau, wakaanza kubweka.

Habari zilifika Sokoni. Siwema alisimama uani, akanusa hewa iliyotoka upande wa dada yake, akaingia ndani na kumuuliza mumewe kwa nini wao wana panya wanane tu wanaokula kweli. Mwinyikondo hakulala. Asubuhi, waliochelewa wakiendelea kupokea mgao, alijifunga shuka usoni, akaenda Mtoni kujipenyeza kati ya watu achukue debe moja, si kwa njaa, bali kwa uchungu wa kuona watu wengine wanakula. Kichwa kilipita. Mabega yalipita kwa taabu. Tumbo likakataa. Ilibidi vijana sita wamvute kwa miguu huku wengine wakimsukuma kichwa kutoka ndani, na shuka ikaanguka, watu wote wakamjua. Shomvi alisimama pembeni akitazama, mikono nyuma. Hakuwa amekula kitu tangu jana yake, lakini alisikia shibe.

Mwisho wa mwezi Mkaguzi Mkuu akarudi. Alilikuta ghala tupu, limefagiliwa, na mahesabu yamefunga bila hata punje kubaki. Alilia tena, safari hii kwa furaha. Alisema katika maisha yake yote ya ukaguzi hajaona ghala lililoliwa kwa ukamilifu namna ile, akaagiza nishani iletwe, kubwa kuliko ya Sokoni. Shomvi alitetemeka kwa utamu wa neno hilo, kubwa kuliko.

Kisha Mkaguzi akafunua ukurasa wa wananchi. Akageuza, akageuza tena, akavua miwani moja.

"Wananchi wa Mtoni wako wapi?"

Walikuwa pale pale uwanjani, wamejaa tele, wamesimama kimya na madebe yao. Mkaguzi akautazama uwanja, akalitazama daftari, akaliamini daftari. Akawakumbusha makarani Kanuni. Kila kisichokuwepo kimeliwa, na kila kilicholiwa kina mlaji. Wananchi wa mtaa mzima hawakuwepo, na mle mtaani hapakuwa na mlaji mwingine ila panya. Kwa hiyo panya wa Mtoni walikuwa wamekula magunia yote, halafu wakawala wananchi. Makarani walisogea nyuma hatua chache. Panya walitaka kusema neno, lakini panya hana haki ya ushahidi.

"Sasa nataka kujua," Mkaguzi akasema, "panya hawa ni wa nani?"

Hapo ndipo Mwinyikondo alipofika, anahema, kiuno kimefungwa kitambaa cha dawa. Alikuwa amesikia habari za nishani njiani, na za wananchi hakuzisikia. Akapaza sauti kwamba panya hawa asili yao ni Sokoni, kwamba ni mbegu yake, kwamba mwanyumba wake aliwaazima kwake na kuna watu wanaojua.

Shomvi angeweza kunyamaza. Alikuwa na nafasi pana kama mlango wa ghala. Mkewe alikuwa nyuma yake, na kwa kuwa alikuwa panya na hakuweza kusema, alimfinya ubavuni kwa kucha mbili mpaka akamtoa damu. Lakini Shomvi alikuwa akimtazama Mwinyikondo, akiyaona meno yake yaliyong'aa kwa mafuta, akiukumbuka ule ukoko katika jani la mgomba. Moto ukampanda.

"Ni wangu," akasema. "Wote. Hakuna hata mkia mmoja wa Mwinyikondo."

"Una hakika?"

"Nitatia sahihi."

Akatia sahihi. Wakamvisha nishani kifuani, bendi ikapiga ubeti mmoja, halafu wakamtia pingu kwa kosa la kufuga walaji wa wananchi. Mwinyikondo akakumbuka kwamba ameacha chungu motoni, akaondoka kwa mwendo ambao haukumfaa mtu mwenye kidonda.

Shomvi alifungwa gereza la Mtoni kule kule. Alipewa kibaba kimoja kwa juma, kwa kuwa yeye sasa ndiye mwananchi wa mwisho wa mtaa wake na alistahili mgao wote. Kuhusu panya, Baraza la Vita lilikutana kwa dharura. Ilionekana kwamba panya waliokula mtaa mzima wakiachwa na njaa watashuka hadi mji mkuu, ambako kuna watu wanono. Kwa hiyo ikaamriwa Ghala la Mtoni lijazwe kila mwezi kabla ya ghala jingine lolote, na panya wasibughudhiwe. Fungu la Sokoni likapunguzwa, kwa maelezo kwamba panya wa huko wamedhihirika kuwa goigoi.

Mwantumu alikuja gerezani mwezi wa kwanza. Mlangoni walimrudisha, panya haruhusiwi, kwa hiyo alizunguka nyuma akapita tunduni, kwani gereza nalo ni jengo la Serikali. Alimletea ugali wa moto na dagaa. Shomvi alikula yote. Alipomaliza alimuuliza Siwema amepika nini juma hili. Mwantumu alikasirika, akachukua bakuli lake akaondoka. Mwezi wa pili alikuja tena, akapita kwa shida kidogo.

Mara iliyofuata Shomvi alisikia jina lake likiitwa kutoka nje ya ukuta. Alilala kifudifudi penye tundu. Mkono wa mkewe uliingia na bakuli, kisha ukabaki pale.

"Ingia, Mama Chausiku."

"Nimejaribu," Mwantumu akasema. "Siingii."

Shomvi aliushika ule mkono. Aliupapasa kuanzia kiganja mpaka kwenye kiwiko, polepole, na kila alipobonyeza palikuwa na nyama. Alikaa nao muda mrefu. Nishani ilikuwa bado kifuani, hakuna aliyekumbuka kumvua, na ilimchoma alivyolala juu yake.

"Na wana wa Mwinyikondo?" akauliza.

"Wamepungua. Siwema alikuja jana, nikamfungia ukoko."

Alitegemea roho yake icheke. Ilicheka, lakini kidogo kuliko alivyotazamia, halafu ikatulia, na ndani yake hapakuwa na kitu kinachosokota. Akaubana mkono wa mkewe.

"Basi mlete Chausiku. Yeye mwembamba, atapita. Nimwone tu."

Nje ya ukuta palisikika mtu mdogo akihangaika chini, akisukuma, akigugumia, halafu akiangua kicheko.

"Hapiti," Mwantumu akasema.